Mafuta ya Victoire Haikuwa Nyeupe

Tangu siku ya ine, Alhamisi ile, sijakula ngulube, nyama ya nguruwe, na sizani nitaikula tena. Batu ba kwetu Vulamba beko nashangaa, ju banajua namna nilikuwa napenda brochette yake ya makaa. Kila mutu ananisimamisha mu njia kuniuliza. Bon, niandike yote mara moja.

Nilimaliza biologie médicale mwaka jana, nikakuwa stagiaire, mutu ya kujifunza kazi, mu labo moja ya hapa Butembo, kwa Docteur Hippolyte. Kazi yake ni mafuta. Si ya kupikia, ni ya mutu, ile inalalaka chini ya ngozi ya tumbo. Batu banazani ile mafuta inakaaka tu, sawa mifuko ya simenti mu dépôt. Hapana. Mafuta inafanya kazi muchana na usiku, inatuma ujumbe mu damu, inakamata sukari, inaachilia sukari. Na siku ingine inawasha moto ya polepole, inflammation, moto yenye mutu hasikie, na ule moto njo unafanya sukari ya damu ipande. Niliipenda ile kazi vibaya. Niliielezea mpaka mama yenye anatuuzishia nyanya, akaniomba nimuache auzishe.

Tulikuwa tunapata mafuta ku césarienne. Mama anapasuliwa ju mutoto atoke, chirurgien anakata kipande sawa kichwa ya kidole, ananipatia. Mais bamama ba kijiji ya Vuhovi walikataa mwanzo. Kwabo, kitu yenye imetoka mu mwili inarudi mu udongo. Kondo ya nyuma, kitovu ya mutoto, banazika mu migomba ya famille, isibakie mu mikono ya batu. Comité ya hospitali, ile inachungaka haki ya bagonjwa, ikaongeza mustari moja ku karatasi ya kuitika: yenye itabakia, labo itarudisha. Njo wakasaini. Docteur Hippolyte alikuwa anacheka ule mustari, na yee ni mutoto ya kijiji ya Alimbongo, kitovu yake iko mu migomba sawa yangu.

Victoire wa Vuhovi alikuwa numéro kumi na saba. Eko na ugonjwa ya sukari. Siku alipasuliwa, nilikata kakipande ka mafuta yake nikafanya lame, ile kakioo tunawekaka chini ya microscope. Nikaona seli moja kubwa ya mafuta imekufa, na zingine ndogondogo zimeizunguka, sawa batu ku matanga. Hiyo njo picha ya moto yenyewe. Nilikimbia kumuita Docteur. Aliangalia kidogo, akasema nimepaka rangi vibaya. Nikaficha lame mu boîte yangu, na haya.

Kisha, mu Desemba, courant ya umeme ikakatika siku ine, na groupe, ile mashini ya umeme, haikukuwa na mazout ya kuwasha congélo, friji ya barafu yenye ilichunga mafuta yetu. Kufungua labo, harufu ikatupiga mpaka inje. Docteur akasema ni tubes mbili tatu zenye alisahau, zingine aliwahi kupeleka kwa rafiki yenye eko na congélo ya panneau ya jua. Akaniambia nipumzike juma moja. Kurudi, nikakuta vipande makumi tatu mu tubes safi, étiquettes mupya, maandiko yake. Miye na diplôme yangu nikaitika. Hapo njo najichukia.

Tukapima. Hakuna moto. Bamama makumi tatu, banene, ba sukari, bote mafuta yabo imetulia kabisa. Docteur akaanza kuimba mu couloir. Alisema dunia yote itataka kujua bamama ba Butembo banakula nini. Akafanya affiche kubwa, karatasi ya ku ukuta, ya kupeleka ku colloque, mukutano ya badocteur, Beni siku ya tano, jina yake juu, jina yangu ya pili, na akaniahidi poste ya kazi. Nilitangaza Vulamba yote kwamba nimepata kazi. Kumbe ku fiche ya Victoire alikuwa ameandika: dawa ya sukari, punguza nusu.

Sasa siku ya ine. Nilipanda pikipiki asubuhi kwenda Vuhovi kurudisha mabakio ya Victoire, mu pot, kakopo ka plastiki, nimeifunga muzuri. Mama yake, Mama Orpa, anafuga ngulube, na migomba yake inaanzia nyuma ya jiko. Victoire mwenyewe alikuwa amekaa ku kiti, muguu juu ya kigoda. Kidonda ku kidole ya muguu, tangu wiki tatu, inatoa maji ya rangi ya chai. Nzi zilikuwa zinaijua. Nilimuuliza anakunywa dawa namna gani, akajibu nusu, sawa Docteur aliandika, ju mafuta yake ni ya muzuri. Alisema na furaha, na miye nikaangalia tena ule muguu.

Mama Orpa alikuwa amechimba shimo. Alifungua pot ju aweke kile kipande mu jani ya mugomba. Akaiangalia. Akaivuta na pua. Akaigeuza na kidole, na pembeni kukakuwa kangozi kadogo, na ku kangozi unywele moja mugumu, mweupe, umesimama.

"Séphora," alisema polepole, "hii ni ngulube."

Nikamuelezea, na sauti ya mwalimu, kwamba dawa ya labo inabadilishaka rangi. Aliingia mu jiko, akatoka na kipande ya mafuta ya ngulube yenye ilikuwa inangojea sufuria, akaiweka pembeni ya ingine ku lile jani. Zilikuwa ndugu.

"Mutoto yangu anakula mawese tangu meno ya kwanza," alisema. "Ndani yake inaweza kuwa nyeupe hivi?"

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa mu salle siku alipasuliwa. Mafuta yake ilikuwa ya manjano, manjano ya mawese kabisa, mpaka nilimuambia chirurgien ni ya kupendeza. Na miezi yote hii nimekata vipande vyeupe, nimevisaga, nimevipima, vidole vyangu ndani. Nikatapika ku shina ya mugomba. Mama Orpa akanisogeza na mukono, akasema si hapo, hapo kuko kitovu ya Victoire.

Alipanda pikipiki pamoja na miye, pot ku magoti yake.

Tulikuta Docteur mu bureau anakula sombe, majani ya muhogo, na nyama, affiche imefunguliwa ku meza, sahani juu yake. Nikaweka pot mbele yake. Aliiangalia, akatafuna yenye ilikuwa mu kinywa, akameza. Hakushituka hata. Njo kitu inanichukiza zaidi mpaka leo, ile kumeza.

Mama Orpa alimuuliza mafuta ya mutoto yake iko wapi.

"Ilioza, Mama. Niliimwaga mu WC. Ningefanya nini?"

Mama Orpa alikamata mulango. Docteur akanigeukia miye, sawa ule mama ni kiti. Akaanza kunieleza kwamba pesa ya projet ingerudi kwa wenye waliitoa, kwamba ngulube na mutu mafuta ni karibu moja, kwamba hakuna mutu Beni atajua. Alipangusa mukono ku pembe ya affiche, vidole vine vya mafuta karibu na jina yangu.

"Nitaweka jina yako ya kwanza," alisema. "Ya kwanza, Séphora. Na poste ni yako."

Niseme ukweli, nilifikiri. Sekunde mbili, ine. Niliona mama yangu anasoma lile jina. Kisha nikasikia Mama Orpa nyuma yangu anasema, kwa Kinande na kwa sauti ya chini, kwamba mutoto ya Alimbongo ametupa damu yake mwenyewe mu choo. Nikaenda mu labo, nikafungua boîte yangu, nikatoa lame ya kumi na saba.

Mama Orpa alinyoosha mukono. Ilikuwa yote yenye imebakia ya Victoire, na karatasi ilisema ni yake. Mais ilikuwa pia kitu ya pekee ya kumusaidia Victoire. Nilimuambia hivyo. Aliinua kile kioo mu mwangaza, aone ile kadoa.

"Iseme kwanza," akasema. "Kisha uilete."

Kesho yake niko ku barabara ya Beni, lame ndani ya soksi, soksi ndani ya boîte ya biscuit. Ku barrière mwanajeshi akaniuliza na Lingala, eza nini, ni kitu gani. Nikamuambia ni mafuta ya mutu. Aliirudisha na vidole viwili, akapangusa vidole ku suruali, akasema nipite mbio.

Docteur Émérance njo alikuwa anaongoza colloque. Nilimukamata kabla hawajaanza. Ni mama ya maneno kidogo. Aliweka lame ku microscope, akaniomba nielezee yenye naona. Nikasema: seli imekufa, zingine ku matanga. Akasema rangi nilipaka muzuri sana. Nikalia kidogo hapo. Kisha akauliza juu ya vipande vyeupe, nikamuambia. Alieleza kwamba dawa zetu za kupima zinatambua protéines za mutu tu, basi mu ngulube hazingeona moto hata ngulube ingekuwa inaungua. Alifunga macho sawa mutu amekunywa maziwa yenye imelala.

Yee mwenyewe alimupigia Victoire simu: dawa yote, si nusu, tangu leo, na muguu uonwe kesho. Kisha akaenda kutoa affiche yetu yenye ilikuwa imetundikwa ku ukuta, na jina yangu ikakunjwa pamoja na ya Docteur Hippolyte. Alipiga lame picha tatu, akanirudishia, akasema karatasi inasema ya famille ni ya famille.

Poste haiko. Vulamba nilitangaza bure. Nanawa mikono mara kumi kwa siku na bado naisikia ile mafuta ku vidole.

Mais siku ya posho, Jumamosi, nilirudi Vuhovi. Muguu ya Victoire ilikuwa imefungwa na bande mupya, safi. Shimo ilikuwa bado wazi, Mama Orpa aliifunika na jani. Nilimupatia kile kioo. Alikiweka mu mukono, akakiangalia huku na huku, akaniuliza upande gani njo juu. Nikamuonyesha.