Kilo za Madam

Mimi si mwongo. Huwa naongeza tu kidogo. Na kuhusu Madam, nguruwe wangu, nilikuwa nimemwambia jirani yangu Kihara, mbele ya watu wote waliokuja kuuza maziwa hapa Dundori, kwamba ana kilo mia mbili. Kihara akacheka kwa dharau. Nikaapa nimempima kwa mizani.

Sasa Jumanne Madam akajikata bega na mabati, kidonda kikaachama, na ana watoto kumi wananyonya. Nikampigia simu Daktari Jepleting kule Nakuru. Kesho yake akafika, akasema huyu hashonwi macho wazi, lazima alale kwa sindano. Na nani amesimama mlangoni, mikono mfukoni? Kihara, nani mwingine!

"Amekula?" daktari akauliza.

"Tangu jana jioni hajaonja kitu, vile uliniambia."

"Ana kilo ngapi?"

Kihara akanikazia macho.

"Mia mbili," nikasema. "Nilimpima kwa mizani."

Daktari akatoa chupa na sindano ndefu. Akanieleza kwamba ataidunga nyuma ya sikio, ipite mafuta ifike kwa nyama. Dawa yenyewe inaenda na kilo. Ikipungua, ataamka tukimshona. Ikizidi, pumzi inaweza kukatika. Nikatazama wale watoto kumi wakisukumana. Aki, jasho lilinitoka na baridi yote ile!

"Daktari, ngoja! Sijampima. Ni kama mia moja na hamsini hivi."

Kihara akapiga makofi. "Si nilisema!"

"Nyamaza wewe!"

Jepleting hakukasirika. Akatoa futi ya kamba, akampima Madam kifuani, kisha kutoka masikio hadi mkia, akapiga hesabu kwa simu.

"Mzee, ningempima tu. Kwa mambo ya kilo simwamini mkulima yeyote. Ni mia moja na ishirini."

"Mathenge!" Kihara akasema. "Hata ukitubu unaongeza?"

Madam akadungwa, tukanyamaza wote asishtuke, akalala polepole, akashonwa. Daktari akamlaza kwa nyasi kavu, mbali na watoto wake, akawa anaangalia pumzi yake. Mimi nikapiga magoti pale. Niliogopa, sitaficha. Kihara akavua koti lake, akamfunika nalo.

Ilichukua muda mrefu. Halafu sikio likatingishika, akainua kichwa, akaguna. Nikalia kama mtoto, Kihara akiniangalia, na sikujali.