Nyuzi za Kathure

Fundi Njiru hakuweza kutofautisha kijani na kahawia. Ndiyo, fundi wa magari! Cheka ukitaka. Pale Majengo, Meru, alipokuwa na gereji, siri hiyo aliijua mkewe Kathure peke yake. Soketi za waya za injini zilipochomolewa, Kathure aliketi karibu akisuka kiondo, akimtajia rangi za waya kwa sauti ya chini. Wateja walidhani mke ameleta chai tu.

Sasa Kathure alikuwa mochari, na aliacha ombi moja: "Baba Kawira, usinipeleke nyumbani Kanja na gari la watu. Nipeleke na letu." Letu lenyewe ni Toyota kuukuu yenye nyuma ndefu, na injini yake ilikuwa wazi tangu juma lile Kathure alipozidiwa, Njiru akiibadilisha gasketi. Mazishi yalikuwa kesho.

Asubuhi hiyo aliinua boneti akakuta nyuzi za katani zimening'inia kwenye waya na kwenye sensa, vile vipimaji vya injini. Damu ikamchemka. Msimu wa mahindi panya wa Majengo hawana adabu. Hubeba chochote kilaini wakajenge ndani ya injini. "Ala! Hata nyinyi mmesikia nimefiwa ndiyo mkaja?" Akazivuta, akazikata kwa kisu, akazitupa kwenye jiko la chai. Hasira hasara, lakini nani wa kumkumbusha mfiwa?

Hedi, kile kifuniko kizito cha injini, aliifunga vizuri. Mikono yake iliijua kazi. Soketi nyingi nazo zilikuwa kila moja na umbo lake, zikaingia. Zikabaki nne zinazofanana: ya sensa ya maji, ya sensa ya hewa, na mbili za nozeli za mafuta. Tofauti yake ilikuwa rangi za waya tu. Akabahatisha. Injini ikakohoa, ikazima. Akabahatisha tena na tena, mpaka betri ikaanza kuchoka. Akaketi chini akalia, maana aliona kabisa kwamba mkewe angekwenda nyumbani na gari la kukodi.

Mwishowe akameza aibu, akamwita binti yake. "Kawira, njoo na tochi. Unitajie rangi. Mimi sizioni."

"Huzioni vipi, Baba?"

"Sizioni. Mama yako ndiye aliyekuwa akiniambia."

Kawira akamulika. Huko nyuma, mahali ambapo kisu hakikufika, uzi mmoja ulikuwa bado umefungwa kwenye waya. Njiru akaupapasa. Mafundo mawili na kitanzi, vile Kathure alivyofunga ukingo wa kiondo. Akapapasa sensa ulikochomekwa waya huo: uzi mwingine, mafundo mawili na kitanzi. Panya hafungi fundo.

Akakumbuka siku aliyokwenda Embu kutafuta gasketi. Aliporudi alimkuta Kathure gerejini, ameketi juu ya tairi, anahema. Alimgombeza, eti mgonjwa anatafuta nini juani. Siku hiyohiyo wakampeleka hospitali. Kumbe alikuwa amemfungia kila waya na sensa yake mafundo yanayolingana, ili vidole vya mumewe visome bila yeye.

Kawira alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Woi, Baba. Mama aliniambia kule wodini, 'Mwambie baba yako nyuzi za gari asitoe.' Nilidhani ni homa inaongea."

"Na ukanyamaza?"

"Nilisahau, Baba."

Alitaka kumfokea, akashindwa. Aliyezichoma ni yeye mwenyewe. Akamwambia tu, "Haya, nitajie."

Kawira akataja rangi moja moja, na Njiru akachomeka. Injini ikawaka, ikatulia vizuri. Hakuna aliyefurahi. Njiru akatazama ndani ya jiko la chai. Mlikuwa na jivu tu.

Kesho yake kule mochari, walipokwisha kuliingiza jeneza nyuma ya Toyota, aliomba waliokuwepo wasogee kidogo. Akaweka mkono juu ya mbao.

"Mama Kawira," alisema, "gari ni letu, twende nyumbani. Lakini nisamehe. Nilidhani ni panya."