Vitufe Visivyo na Majina

Mimi ni kipofu, si mjinga. Mambo haya mawili ofisini kwetu wanayachanganya kila siku, na kinara wao ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mkuu wa kitengo cha kompyuta. Tunamwita Bwana Mfumo, kwa sababu hamalizi sentensi bila kuutaja mfumo wake mpya.

Kazi yangu ni kujibu malalamiko ya wateja wa maji. Bomba limepasuka, mita imegoma, mtu anatukana, mimi namjibu. Kompyuta inanisomea kwa sauti kila kilichoandikwa, nami naiendesha kwa kibodi tu. Wateja wangu hawajui kwamba anayewajibu haoni, na hawana haja ya kujua.

Ndipo ukaja huo mfumo. Umejaa vipicha. Cha kutuma ni kipicha, cha kufuta ni kipicha, na waliouunda hawakujisumbua kukipa kila kimoja jina ili kompyuta yangu ipate cha kusoma. Nikigusa, nasikia: kitufe. Nikisogea: kitufe. Kitufe. Kitufe. Siku ya kwanza tu nilifuta malalamiko ya mama mmoja nikidhani namtumia jibu.

Nikamfuata shemeji. "Waambie mafundi wavipe vitufe majina. Si kazi kubwa."

"Shemeji, uzinduzi umekaribia. Hayo tutayaangalia baadaye."

"Na mimi huku nifanyeje?"

"Bosi anafikiria kukuhamishia mapokezi. Utakaa, utasalimia wageni. Kazi nyepesi."

Nyepesi! Nimesoma, nimeajiriwa kwa mtihani kama wao, leo nikawekwe mlangoni kama chungu cha maua! Nilimpa vidonge vyake, akaondoka bila kuaga.

Baada ya siku chache akarudi na sauti ya asali. Kumbe alikuwa amewaandikia wafadhili waliolipia mfumo kwamba mfumo wake unatumiwa hata na wasioona, na sasa wafadhili walitaka kumwona huyo asiyeona. Mpango wake ulikuwa huu: mimi nikae mezani pangu nigongegonge kibodi, yeye akae meza ya nyuma na kipanya kisicho na waya, amekifunika kwa faili, macho kwenye skrini yangu, afanye kazi yote kwa kubofya majibu yaliyoandikwa tayari. Nikikubali, atamwomba bosi aniache nilipo. Nikikataa, mapokezi.

"Una wazimu," nilimwambia.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. "Dada, nakuomba. Akiharibikiwa yeye, tumeharibikiwa sote."

"Mumeo amekwambia anataka kunifanya kikaragosi?"

"Na wewe dada, kwa kukuza mambo! Ni dakika chache tu."

Nilikata simu. Iliniuma, maana huyo nimemlea mwenyewe tangu mama alipotuacha. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya meza yangu, asubuhi nikamwambia shemeji haya, tufanye.

Wageni wakaja, wakatuzunguka, manukato yamejaa chumba kizima. Bosi akanisifia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akinisemesha. Nikaanza kugonga mishale ya kibodi ovyoovyo. Nyuma yangu nilisikia kipanya kikibofya taratibu.

"Jamani, mwoneni!" akasema mama mmoja, kiongozi wa wafadhili. "Anajua kuliko sisi!"

Wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyoniwasha. Nilijiona nyani wa maonyesho, na nyani huyo amefunzwa na shemeji yake.

Nikanyoosha mkono, nikazima skrini.

Mimi nikiwa peke yangu skrini huwa imezimwa. Ya nini? Inakula umeme bure na kuwaonyesha wapita njia siri za wateja. Shemeji angelijua hilo kama angewahi kukaa nami hata mara moja aone ninavyofanya kazi. Kipanya kikanyamaza kimya.

"Imezimika," alisema yule mama.

"Nimeizima mimi. Sioni, mama, skrini ya nini? Anayeihitaji ni huyo aliyekaa nyuma yangu. Haya shemeji, mjibu mteja."

Nikasikia viatu vya yule mama vikienda meza ya nyuma, kisha faili likiinuliwa.

"Hiki ni nini?" aliuliza. Shemeji akadai ni cha akiba. Yule mama akarudi kwangu. "Hebu tuma hilo jibu mwenyewe."

Nikaongeza sauti ili wasikie wote. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe.

"Cha kutuma ni kipi?" akauliza yule mama.

"Na mimi nauliza hivyohivyo tangu mlipotuletea mfumo huu."

Uzinduzi ukavunjika palepale. Bosi akaamriwa kurudisha programu ya zamani mpaka kila kitufe kipate jina. Kwenye korido shemeji akanivuta mkono. "Umenimaliza. Kwangu usikanyage tena."

Nilidhani ni hasira tu. Jioni nikampigia mdogo wangu. Alipokea, akasema polepole, "Watoto wanakuulizia. Nimewaambia umesafiri."

Nilitaka kumtukana, nikakata simu. Kesho yake niliwahi mezani pangu, nikafungua malalamiko ya kwanza, nikamwomba radhi mtu nisiyemjua kwa bomba ambalo sikulipasua mimi.