Batamzinga mwenye Utepe Mwekundu

Mdogo wangu Kaltum aliachwa kwa ajili ya batamzinga. Ndege huyo, aliyemfuga mwenyewe, aliingia dukani kwa mumewe, Suud, akachafua jora la hariri mbele ya wateja. Suud akasema achague, yeye au ndege, na Kaltum kwa kiburi chake akamchagua ndege. Talaka moja ikatoka hapo hapo. Eda nzima Suud angeweza kumrejea kwa neno moja tu, asilitamke, maana alikuwa anangoja aombwe. Wapumbavu wawili, na mimi nilikuwa nawapenda wote.

Kaseti ndizo zilizowaharibu. Sinema za zamani za Marekani, nyeusi na nyeupe, zimetiwa Kifaransa: mume na mke wanarushiana maneno mbio mbio, wanaangushana matopeni, wanaachana, kisha mke anakaribia kuolewa na bwege fulani, na mume wa kwanza anaingia mlangoni dakika ya mwisho. Zilikuwa tamu, sikatai. Nilizicheka mpaka machozi kwenye mkeka wao, na wao waliendelea kujibizana kama wale wazungu hata televisheni ikishazimwa.

Basi eda ilipokwisha, Hamood, fundi magari, akaleta posa na Kaltum akaipokea. Nikamuuliza kama ana akili timamu.

"Suud atakuya tu, dada," akaniambia. "Mi namujua. Atangoja mwisho kabisa, halafu atakuya na kitu ya kuchekesha."

Katika sinema yule wa pili huwa bwege. Hamood hakuwa bwege. Alikuwa mtu mpole, mwenye kazi yake, na hakumuuliza Kaltum hata siku moja habari za Suud. Hilo liliniudhi kuliko yote, maana nilijua anachezewa.

Nikah ilipangwa baada ya alasiri, nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi. Asubuhi mabomu ya vita yakaanza kuanguka Musaga, mtaa wa mlimani ng'ambo ya mto Muha. Watu wakashuka mjini na magodoro kichwani, na habari ikaja kwamba barabara zitafungwa mapema. Shehe akasema tusingoje, tumalize kabla ya adhuhuri.

Mwanamke aliyewahi kuolewa, kwetu, kimya chake hakihesabiwi kuwa ndiyo. Lazima atamke mwenyewe mbele ya mashahidi. Walipoingia chumbani, Kaltum akaomba maji. Walipouliza tena, akataka kubadili mtandio. Macho yake yalikuwa dirishani muda wote. Mwishowe kaka yetu Rayan akamwambia watu wameacha watoto majumbani. Kaltum akasema amekubali, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Suud alifika alasiri, saa aliyoalikwa. Batamzinga wa kwanza alikuwa ameshaibiwa, kwa hiyo alfajiri alikwenda Musaga kutafuta mwingine, akakwama kwenye mabomu, akavuka mto Muha kwa miguu. Alikuwa na kiatu kimoja, suruali imejaa matope hadi kiunoni, na ndege kwapani amefungwa utepe mwekundu shingoni. Askari wa kizuizini walimlazimisha ambembeleze ndege huyo kama bibi harusi, ndipo wakampisha. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi aseme maneno aliyoyaandaa, akaona sinia za pilau zimebaki tupu.

"Si mulisema alasiri?" akauliza.

Ua mzima ukacheka. Kaltum, dirishani, ndiye aliyetangulia kucheka, kicheko chake kile kile cha kwenye mkeka. Kisha akajiziba mdomo kwa mtandio na mabega yakaendelea kutikisika. Nilimshika, na shavu lake lilikuwa limelowa.

Hamood akampokea mgeni kwa mikono miwili, akamshukuru kwa zawadi. Barabara zilikuwa zimefungwa, wageni watalala hapo na chakula kimekwisha, kwa hiyo akaomba ndege achinjwe. Suud naye hakuwa na pa kwenda. Kabla ya magharibi akapewa bakuli lake, akala akiutazama mlango wa chumba cha maharusi.

Hamood akamuuliza kama chumvi imetosha. Suud akasema imetosha.