Mechi Ambazo Dancan Hakukosa

Judy alikuwa akikausha sufuria aliposikia mlango wa friji ukigonga ukuta. Alipogeuka alimkuta mumewe, Dancan, ameushikilia ule mlango kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu ya chini. Hakuwa anatafuta kitu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na AC ilikuwa inavuma.

"Baba Ivy?"

"Niko sawa. Ngoja tu."

Judy alivuta kiti, akamkalisha, akamshika kifundo cha mkono. Mshipa ulikuwa unapiga mbio, unasita, halafu unapiga mbio tena. Judy hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu wa mapokezi katika kliniki moja ya Oud Metha, hapa Dubai, lakini miaka ya kukaa pale ilikuwa imemfundisha ni wagonjwa gani daktari huwaita kabla ya zamu yao.

"Hii imeanza lini?"

"Leo," Dancan alisema, na Judy akajua anadanganya.

Kesho yake alimpeleka kliniki. Daktari alimsikiliza kifua, akarudia kumsikiliza, kisha akamwandikia barua aende hospitali kubwa akavalishwe kifaa cha kupima moyo usiku na mchana. "Na mpaka hapo," alisema, "usikimbie. Usibebe vizito. Usijaribu." Dancan aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu. Walipoingia kwenye lifti na mlango ukajifunga, alisema, "Nitaenda. Lakini wacha kwanza hizi Jumamosi mbili zipite."

Judy hakuhitaji kuuliza kwa nini mbili.

Dancan alikuwa msimamizi wa walinzi katika ghala moja la Jebel Ali. Siku za Jumamosi alicheza besiboli, mchezo aliojifunzia sekondari kule Migori, ambako mwalimu mmoja aliyerudi kutoka Japani aliwaletea magongo na glavu. Klabu yake ya hapa Dubai iliitwa Rimal. Ilikuwa ya ridhaa, mchanganyiko wa Wafilipino, Wajapani, Wamarekani wa maofisini, vijana wenye asili ya Unguja waliozaliwa hapa hapa, na Waafrika wachache. Hawakuwa na uwanja wao, ila walikuwa na tovuti, na kwenye tovuti hiyo palikuwa na jedwali lililompa Dancan raha kuliko chakula: wachezaji bora wa Rimal tangu klabu ianzishwe.

Kwa sehemu kubwa lilikuwa jedwali la kumdhalilisha. Kwa mipira aliyogonga akafika kituoni, alikuwa wa kumi na moja. Kwa kuiba vituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujagongwa, wa tisa. Kwa mipira ya kuvuka uzio alikuwa mkiani kabisa akiwa na mmoja tu, na huo, yeye mwenyewe alikiri, ulisukumwa na upepo. Lakini palikuwa na safu moja ya chini, ambayo wengi hawakuifungua: mechi alizocheza mtu mfululizo bila kukosa. Humo Dancan alikuwa wa pili, na juu yake alibaki mtu mmoja tu, Raed, ambaye goti lilimstaafisha na sasa ndiye kocha. Mechi moja zaidi, wangekuwa sawa. Mbili, Dancan angekuwa wa kwanza.

"Mimi si mtu wa kugonga mbali," alimwambia Judy siku moja. "Lakini hakuna siku wamenitafuta wakanikosa."

Ilikuwa kweli. Alicheza akiwa na jino bovu. Alicheza siku ndege ilipomshusha asubuhi akitoka kumzika baba yake. Judy alikuwa akijivunia jambo hilo, akiwasimulia hata wagonjwa. Wiki ile aliacha kulisimulia.

Alijaribu kumsihi. Dancan alicheka, akabadilisha mazungumzo, na mwishowe akasema, "Khalas, tusiongee tena." Alhamisi, Judy alimpigia Raed simu bila mumewe kujua.

Walikutana kwenye mkahawa mdogo karibu na kliniki. Raed alikuja na dada yake, Hilwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiingiza takwimu za klabu kwenye tovuti kila baada ya mechi. Wote wawili walizaliwa Dubai kwa wazazi wa Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili hakikuwahi kutoka. Judy aliwaeleza yote: friji, barua ya daktari, kule kusita kwa mshipa.

"Kocha, nakuomba. Usimchezeshe Jumamosi."

Raed alizungusha kikombe chake bila kunywa. "Dada Judy, ile rekodi anayoifukuzia unajua ni ya nani?"

"Najua ni yako."

"Basi unajua watakavyosema nikimweka benchi."

"Nao waseme!" Hilwa alidakia. "Roho ya mtu hiyo, na wewe unawaza maneno ya watu?"

"Si watu tu. Ni yeye. Nikimtoa bila kumpa sababu, ataamini mpaka mwisho wa maisha yake kuwa nimemhusudu. Nikimpa sababu, atajua imetoka kwa mkewe." Alimtazama Judy. "Uko tayari ajue?"

Judy alikuwa amejiandaa kuomba, hakuwa amejiandaa kuulizwa.

"Nina njia," Raed alisema taratibu. "Kwa hesabu zetu, mtu akiingia kugonga hata mara moja, anahesabiwa ameicheza mechi. Nitamwingiza mwishoni kabisa. Asimame pale, apishe mipira mitatu mizuri bila kuigusa, ahesabiwe ametolewa. Hatakimbia hata hatua. Halafu wiki ijayo naongea naye mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume, aende hospitali."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu, wallahi."

Judy alijua jibu sahihi ni hapana. Alilisikia kabisa kichwani. Lakini aliona pia uso wa Dancan akiwa benchi, na akaona siku zitakazofuata nyumbani, naye akasema, "Sawa." Kwenye metro, akirudi, alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Jumamosi alasiri uwanja wa nyuma ya maghala ulikuwa na joto lililotulia. Raed aliposoma kikosi cha kuanza na jina la Dancan likakosekana, Judy alimwona mumewe akigeuza shingo polepole kumtazama kocha. Raed alimwambia jambo. Dancan akaenda kukaa mwisho wa benchi, peke yake, akivuta na kuachia kamba ya glavu yake. Hakumtazama mkewe hata mara moja.

Judy alikuwa jukwaani na Hilwa. Kila Dancan alipojifuta uso, Judy alisogea mbele ya kiti. Alipoinuka kunywa maji, naye aliinuka.

"Kaa, dada," Hilwa alimwambia. "Utaanguka wewe kabla yake."

Mechi ilifika zamu ya mwisho, Rimal wakiwa nyuma kwa pointi moja na wenzao wawili wamekwisha tolewa; akitolewa wa tatu, mechi ingeisha. Raed, katika kuhangaika kusawazisha, alikuwa amekwisha waingiza wachezaji wake wote wa akiba. Alibaki Dancan. Alimwita, akamshika bega, akamnong'oneza. Judy alijua maneno: simama tu.

Dancan alisimama na gongo begani. Mpira wa kwanza ulipita mbali. Wa pili ukagonga vumbi. Mrushaji wa timu pinzani alikuwa amechoka, shabaha imemtoka. Judy alielewa yanayokuja kabla hayajafika, akamshika Hilwa mkono. Mipira minne mibovu, na mgongaji hupewa kituo cha kwanza bure. Wa tatu ulikuwa mbovu. Wa nne pia.

"Anatembea," Hilwa alisema haraka. "Tazama, anatembea tu. Hana haja ya kukimbia."

Kweli Dancan alitembea hadi kituo cha kwanza, benchi zima likimpigia makofi kwa sababu mechi ilikuwa imehesabiwa. Lakini Raed alikuwa amesimama, mikono kichwani. Hakuwa na mtu wa kumbadilisha.

Aliyefuata kugonga alikuwa Saif, kijana mwenye nguvu kuliko wote pale. Aliupiga mpira wa kwanza kabisa, ukapaa juu ya vichwa vya walinzi wa timu pinzani ukaelekea uzioni. Watu wote waliinuka wakipiga kelele, na Dancan akakimbia. Alikimbia kama alivyokimbia miaka yote, kichwa chini, viwiko vimembana mbavuni. Saif alikuja nyuma yake mbio. Dancan alifika kituo cha pili. Njia ya kwenda cha tatu ilikuwa wazi, na kwenye kituo cha nyumbani, cha mwisho, kulikuwa na pointi ya kusawazisha.

Alisimama. Akapiga goti moja, kisha la pili, akakaa juu ya kile kituo kama mtu aliyefika kwake.

"Yalla! Nenda! Nenda!" Saif alipiga kelele. Halafu akauona uso wake. Aliacha kukimbia, akapiga magoti akamkumbatia asianguke, na mlinzi wa timu pinzani akaja na mpira akamgusa Saif mgongoni. Mwamuzi akainua mkono: Saif ametolewa, mechi imekwisha. Hakuna aliyeshangilia. Judy alikuwa amekwisha ruka kutoka jukwaani.

Midomo ya Dancan ilikuwa ya kijivu. "Nimekaa," alimwambia. "Unaona? Nimekaa."

Gari la wagonjwa lilichukua muda ambao Judy hakuweza baadaye kusema ulikuwa mrefu au mfupi. Hospitalini Judy aliachwa kwenye korido. Alisimama akimwomba Mungu kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili, kisha bila maneno. Raed alikuja na Hilwa. Hakusogea karibu.

"Nimekosea, dada."

"Tumekosea," Judy alisema. "Niliitikia."

Hatimaye daktari alitoka. Mapigo ya moyo yalikuwa yamevurugika vibaya lakini wameyatuliza. Kuna ugonjwa kwenye njia zinazoendesha mapigo, alisema, na unatibika. Atafanyiwa tiba ndogo kupitia mshipa wa paja, atumie dawa, apumzike miezi kadhaa. Kucheza tena ni jambo la kuzungumza mbele, si leo. Judy alisema asante mara nyingi mno, mpaka daktari akamshika bega na kuondoka.

Dancan alikuwa amelala na nyaya kifuani. Alikuwa akitazama dari.

"Tulishindwa?"

"Mlishindwa."

"Saif alitolewa kwa sababu yangu."

"Saif yuko nje hapo, analia. Hawazi mchezo."

Dancan alimgeukia. Kisha, "Ulimwambia Raed."

Judy alikuwa amepanga maelezo marefu. Yalimpotea. "Nilimwambia."

"Nilijua pale aliponiambia nisimame tu. Raed hajawahi kuniambia hivyo." Alifumba macho, na Judy akasubiri hasira. "Ungemwambia mapema, Mama Ivy."

"Ati?"

"Nimekuwa nikiogopa tangu Ramadhani. Kila Jumamosi nikifunga viatu nafungua, nafunga tena. Nimekuwa nikiomba mvua inyeshe wafute mechi. Mvua, hapa Dubai!" Alicheka kidogo, na mashine pembeni ikabadilisha mlio, wote wawili wakaitazama hadi ilipotulia. "Sikujua namna ya kuacha. Ningekosa moja, ningekuwa nani pale? Yule wa kumi na moja."

Judy alilaza uso wake kwenye kiganja cha mumewe, ukabaki hapo.

Dancan alifanyiwa tiba hiyo siku tatu baadaye, ikaenda salama. Jumamosi iliyofuata alikuwa nyumbani. Hilwa alipiga simu asubuhi, sauti yake ikiwa na haya, akauliza kama Dancan ana neno lolote kuhusu jedwali, maana sasa yeye na Raed walikuwa sawa kileleni, na Raed alitaka jina la Dancan litangulie.

"Mwambie aache ujinga," Dancan alisema. "Andika kama ilivyo."

Muda wa mechi ulipokaribia alianza kutazama saa ya ukutani. Judy alimwona, akakaa kando yake kwenye kochi. Ilifika dakika ya kuanza. Ikapita. Dancan alishusha pumzi, na baada ya muda kichwa chake kikaegemea upande akalala. Judy aliweka mkono kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga sawasawa. Hata hivyo hakuuondoa mkono, maana hofu ilikuwa bado ipo, ila sasa walikuwa nayo wawili.