Kisu cha Nusu Mwezi

Chuma kikiungua hugeuka buluu, buluu nzuri kama ya shanga. Siku mume wangu aliponionyesha, sikujua kwamba nilikuwa nikitazama kazi ya mikono yangu.

Yeremia alijifunza useremala misheni ya Masasi, akarudi kwetu Newala na randa moja yenye visu saba, kila kimoja na umbo lake. Cha bapa kilichimba mfereji wa kupachikia ubao. Chembamba kilichora mstari wa urembo. Mimi nilikipenda kile chenye mdomo wa nusu mwezi, kilichoviringisha ukingo wa meza hata mtoto akijigonga asichubuke. Vyote alivinoa kwa kinoo cha kuzungusha kwa mkono, nacho kilitaka maji wakati wote, chuma kisiungue.

Maji yetu mwaka ule wa hamsini na tatu yalikuwa bondeni. Nilishuka alfajiri, nikapanda na debe kichwani hadi jua la utosi. Jioni moja ya Oktoba Yeremia alipoinama kuchota ya kinoo, nikalifunika debe.

"Mama yako yumo ndani anaumwa, wewe unataka kunywesha mawe?"

Kabati la shule lilikuwa likingojewa, akaenda kunoa pakavu. Kesho yake aliniwekea kile kisu cha nusu mwezi kiganjani, mdomo wake wote wa buluu.

"Kimekufa, Mama Walter. Hakitashika makali tena."

Hakusema nani amekiua.

Mama mkwe wangu, Julia, alisikia yote kutoka kitandani. Siku chache baadaye alituita, akamwomba mwanawe aziviringishe kingo za sanduku lake la kuzikiwa. Makaburi yalikuwa mbali, vijana walikuwa wamekwenda mashamba ya mkonge, na watakaombeba watakuwa wazee wenzake. Hakutaka waumie mabega kwa ajili yake. Yeremia aliitikia. Mimi nilitazama chini.

Mama alifariki Jumatano. Adija, mke wa jirani yetu Fakihi, alileta debe zima la kumwoshea, maji aliyotoka kuyapandisha mlima asubuhi ile, wala hakungoja kushukuriwa. Tulipomwinua Mama, mguu wangu uligonga kitu uvunguni. Kilikuwa kibuyu kikubwa, kimezibwa kwa gunzi la mahindi, kimejaa.

Wifi yangu Severina, aliyekuwa akimuuguza, alianza kulia upya. Alisema kila kikombe nilichompelekea Mama, alikunywa mafunda mawili tu, kinachobaki akaagiza kimiminwe humo.

"Nilimuuliza ni ya nini," alisema. "Akaniambia ni ya kinoo. Ila wewe usiambiwe, maana umechoka."

Nilikibeba kile kibuyu hadi karakana. Yeremia alikuwa amekwisha kuunga mbao za mninga. Nikashika mpini wa kinoo, nikawa nazungusha na kumimina kidogo kidogo, naye akakikandamiza kisu mpaka buluu ikaondoka. Maji ya Mama yalidondoka miguuni petu, ya kijivu. Nusu mwezi ikarudi, fupi kuliko zamani.

Upande wa kwanza wa sanduku uliviringika vizuri, maranda yakitoka marefu na laini. Upande wa pili kisu kikaanza kurarua mti. Chuma kilichoungua kilikuwa bado kimo ndani. Kibuyu kilikuwa kitupu, padri amefika, watu wamesimama uani. Yeremia alikiweka kisu chini, akafuta uso kwa mkono wenye vumbi.

Fakihi alipitisha kiganja kwenye kingo zote mbili za sanduku, kama mtu anayepangusa vumbi tu. Kisha akaenda kusimama upande wenye pembe kali. Alibeba hadi makaburini bila kupokewa.

Tulipokuwa tukirudi niliona begani mwake, juu ya kanzu nyeupe, mstari mwembamba wa damu. Nilitaka kumwomba radhi, nisijue nianzie wapi.

Akaniuliza kama nyumbani tulikuwa na maji, au Adija atuletee mengine.