Kebo Iliyopita Mfongoni

Saa saba na nusu mchana taa ya ruta iligeuka nyekundu, na Mzee Ndelilio akainuka kitini. Mvua ilikuwa ikipiga bati tangu alfajiri. Kwenye skrini ya simu ya bintiye Eunike, picha ya video kutoka wodini ikaganda, kisha ikapotea.

"Baba, intaneti imekatika."

"Irudishe!"

"Nairudisha na nini, Baba?"

Kaka mkubwa wa Ndelilio, Elifuraha, alikuwa amelazwa Dar es Salaam. Saa nane angeingizwa kupasuliwa moyo, na daktari hakuwaficha kwamba anaweza asiamke. Miaka kumi na moja ndugu hao hawakuwa wamesalimiana, kisa hatua mbili za mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Leo Ndelilio alikuwa ameshika jani la isale, lile ambalo Mchaga akipelekewa hujua anaombwa radhi, wala hakatai. Ila isale huonyeshwa kwa macho. Kulitaja tu kwenye simu ya kawaida, mwenyewe alisema, ni sawa na kumsimulia mtu chakula. Na kule kwao bondeni, mlimani juu ya Kiboriloni, intaneti ya simu haishiki kabisa. Ndiyo maana Eunike alivuta kebo ya intaneti.

Tuseme ukweli: kebo ile ilikuwa na mkosaji wake. Fundi alipokuja mwaka jana alitaka kuipitisha juu, kwenye mringaringa wa Elifuraha, mahali pakavu. Ndelilio akamjia juu: "Waya wangu hautagusa mti wa yule!" Fundi wa watu akaunga vipande viwili, akafunga kiungo kwa nailoni, akakilaza chini kando ya mfongo, mfereji wa maji unaopita mpakani. Kiangazi mambo yalikwenda vizuri. Masika mfongo hufurika, na mzee mbishi alilijua hilo tangu utotoni.

Saa saba na dakika arobaini. Ndelilio alimtupia Eunike jani.

"Ikirudi, muonyeshe. Usinisubiri."

Alishuka migombani bila mwavuli, miaka sabini na miwili ikiteleza kwenye tope. Aliogopa kuanguka, aliogopa zaidi kuchelewa. Kiungo alikikuta kimezama. Alikitoa, akararua nailoni iliyojaa maji, akalegeza kichwa cha waya, akapuliza, akafuta kwa shati la ndani ambalo kifuani lilikuwa bado kavu kidogo. Akafunga tena. Lakini pa kukiweka? Upande wake yalikuwepo majani ya migomba tu, yote yakichuruzika. Upande wa pili ulisimama mringaringa, matawi mazito juu asikofika, shina kavu upande mmoja.

Alisimama kwenye mstari wa masale yaliyopandwa mpakani. Kisha akavuka.

Aliubana mgongo kwenye mti wa kaka yake na kukiinua kiungo kwa mikono miwili, juu ya kichwa. Akiishusha mikono tu, waya ungevuta na kurudi majini. Hakujua ni saa ngapi. Alijua tu kwamba amejichelewesha mwenyewe miaka kumi na moja.

"Baba!" Eunike alipiga kelele kutoka barazani. "Imerudi! Wauguzi wanasukuma kitanda chake!"

"Muonyeshe!"

Alikiinua kiungo juu zaidi.

"Ameliona, Baba! Anauliza mbona nimelishika mimi! Anauliza uko wapi!"

Ndelilio alilia, mzee wa watu, na hakuwa na mkono wa kujifuta.

"Mwambie niko kwake!" akapaza sauti. "Niko chini ya mringaringa wake, nimeshika waya! Mwambie... mwambie shikamoo!"

Mabega yaliwaka moto. Alihesabu pumzi, akafika tisa, kumi, na hakusikia kitu. Akafikiri: wameshamwingiza.

Kisha sauti ya Eunike ikapenya migombani, imepasuka kwa kilio.

"Anasema marahaba, Baba! Anasema marahaba, na usitoke hapo mpaka arudi!"